Vazi la Maboksi na Mnyama wa Msituni: Dondoo za Historia ya Kujigeuza Umbo katika Ituri

Makala haya yametokana na mabishano. Katika shule moja ya sekondari mjini Bunia, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 alitengeneza nyumbani kwao vazi kubwa la maboksi kwa ajili ya sherehe ya kufunga mwaka wa masomo. Lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 2, na umbo lake lilikuwa la roboti Jack, mhusika wa mchezo wa kompyuta uitwao Tekken, ambao kampuni ya Namco ya Japani iliutoa mwaka 1994 na ambao vijana wetu huucheza katika vibanda vya kulipia. Kwa wiki tano ua wa nyumba yao ulijaa vipande vya karatasi ngumu, na majirani walipita kuchungulia.

Pingamizi zikatokea mbili. Ya kwanza ilitoka katika chumba cha walimu: kwamba sherehe ilikuwa ya utamaduni, na roboti wa Kijapani si utamaduni wetu, kama kijana anataka kujigeuza umbo, basi na avae majani na ngozi kama wazee. Ya pili ilitoka kwa mama yake, tena ilikuwa ya maneno machache: "Mwanangu, ukitoka barabarani na kitu hiki, askari atakuona wewe, au atakiona hiki?"

Mwandishi wa makala haya aliombwa na walimu hao aseme lolote kuhusu pingamizi la kwanza, kwa kuwa ndiye aliyedhaniwa kuyajua mambo ya kale. Nilipoanza kuyapekua mambo hayo ya kale niliona kwamba pingamizi la walimu halina mizizi mirefu kama walivyodhani, na kwamba la mama lina mizizi mirefu kuliko alivyojua yeye mwenyewe.

Malighafi

Hatuna budi kuanza na malighafi. Karatasi yenye mawimbi, ile inayokaa kati ya kuta mbili za boksi, haikubuniwa kwa ajili ya kufungia bidhaa. Waingereza wawili, Healey na Allen, waliipatia hataza mwaka 1856 kama bitana ya kofia ndefu za mabwana, ili kofia isimame na kichwa kisitoke jasho. Miaka 15 baadaye, yaani mwaka 1871, Albert Jones wa New York akaitumia kuzungushia chupa na vioo vya taa visivunjike safarini; na mwaka 1874 Oliver Long akaongeza karatasi laini ya kuyashikilia mawimbi yasinyooke. Kwa hiyo kijana aliyejivika boksi Bunia hakufanya la ajabu sana. Aliirudisha karatasi hiyo mahali ilipoanzia, mwilini.

Boksi lenyewe hufika kwetu kwa njia ya biashara. Sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia na vinywaji huvuka mpaka wa Uganda kupitia Mahagi au kwa mashua za Ziwa Albert, na bidhaa ikishauzwa boksi hubaki kwa mwenye duka, naye huligawa au huliuza kwa bei ndogo. Tukumbuke kwamba katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilileta amerikani, kitambaa kilichofumwa ng'ambo, nacho kikawa nguo ya sherehe na mahari kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Mmarekani. Hakuna anayeuliza leo kama amerikani ilikuwa utamaduni wa nani.

Kuhusu ufundi wenyewe, nilikaa na kijana huyo alasiri mbili na nikajifunza mambo ambayo hayamo vitabuni. Jambo la kwanza ni mwelekeo wa mawimbi. Boksi hukubali kukunjwa kufuata mawimbi yake, na hukataa likikunjwa kwa kuyakatiza; likilazimishwa huvunjika na kuacha kovu. Basi mikono minene ya roboti ilikatwa mawimbi yakienda kutoka begani hadi kiganjani, ili kipande kiweze kuviringika kuuzunguka mkono. Na kuta za kifua zilisimamishwa mawimbi yakiwa wima, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyobeba uzito. Jambo la pili ni gundi. Ya dukani ni ghali, naye alitumia uji mzito wa unga wa muhogo, ukipakwa tabaka kwa tabaka pamoja na vipande vya magazeti. Gundi hiyo hushika vizuri ila huita mende na panya, na kwa sababu hiyo vazi lilining'inizwa kila usiku kwa kamba chini ya paa. Jambo la tatu, ambalo lilinishangaza zaidi, ni kwamba kichwa cha roboti hakikukaa kichwani pa mvaaji. Kilikaa juu yake, na mvaaji aliona njia kupitia tundu lililofichwa kifuani kwa kitambaa chepesi. Uzito wote ulibebwa na mikanda ya mfuko wa shule uliochakaa. Mtu aliye nje humtazama kiumbe usoni, kumbe kiumbe humtazama yeye kwa kifua.

Mbugu na bomba la chuma

Sasa turejee kwa wazee, ambao walimu wetu waliwataja kama hoja. Wambuti wa msitu wa Ituri walitengeneza nguo kwa magome ya miti, hasa ya jamii ya mtini. Nguo ambayo Kiswahili cha pwani kiliita mbugu. Wanaume walilibandua gome la ndani, wakalilowesha na kulitwanga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu mpaka likalainika na kupanuka. Wanawake ndio waliolichora, kwa utomvu mweusi wa matunda ya porini na kwa rangi nyekundu, na michoro hiyo imefika katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, ambako hutundikwa ukutani kama picha ingawa ilifanywa ivaliwe kiunoni. Fundi wa mbugu na fundi wa boksi wangeelewana upesi. Wote wawili wanajua kwamba nyuzi zina mwelekeo wake, na kwamba kazi yote ni kujadiliana nao.

Lakini ushahidi mzito zaidi si nguo hiyo. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Wambuti karibu na Epulu, kwenye barabara itokayo Mambasa kwenda Nia-Nia, kwa vipindi kadhaa katika miaka ya 1950, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1961 kimesomwa duniani kote. Wengi wamemkosoa baadaye kwamba aliwapamba mno wenyeji wake, nasi tunaafiki. Hata hivyo kuna kisa kimoja alichokisimulia ambacho kinampinga yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo kinaaminika.

Wambuti walikuwa na ibada iitwayo molimo, iliyofanywa hasa mauti yalipoingia kambini. Usiku wanaume waliimba, na kutoka gizani ilisikika sauti ya mnyama mkubwa wa msituni, ikinguruma, ikikaribia na kutoweka. Wanawake na watoto walikaa vibandani. Mnyama huyo alikuwa tarumbeta ndefu iliyobebwa na vijana, tena alitendewa kama kiumbe hai: walipovuka kijito walimpa maji ya kunywa. Turnbull alisubiri kwa hamu kukiona chombo hicho kitakatifu, akitarajia mti au mwanzi uliochongwa kwa ustadi na kurithishwa vizazi hata vizazi. Alichokiona kilikuwa bomba la chuma la kupitishia maji, lililochukuliwa kwa mafundi wa barabara. Alipoonyesha masikitiko yake, wenyeji walishangaa. Kuna tofauti gani limetengenezwa kwa kitu gani, walimjibu kwa maana hiyo, ikiwa sauti yake ni nzuri, tena haliozi kama mti?

Naliona jibu hilo kuwa zito kuliko nadharia nyingi za utamaduni tunazofundisha. Aliyetaka mti ni mgeni, na waliokubali chuma ni wenyewe. Kwao mnyama hakuwa ndani ya malighafi. Alikuwa katika sauti, katika giza, katika maji aliyonyweshwa, na katika kukubaliana kwa watu wa kambi. Mwalimu anayemwambia kijana wa leo avae majani ili awe Mwafrika anasimama mahali alipokuwa amesimama Turnbull, tena bila kujua, kwani Turnbull angalau aliuliza.

Chui wa Tervuren

Ingekuwa vyema kama historia hii ingeishia kwenye furaha ya molimo. Haiishii hapo. Mto Ituri ukishapokea maji ya Nepoko pale Bomili huitwa Aruwimi, na kati ya Aruwimi na Lindi wanakaa Wabali. Huko, tangu miaka ya 1890 hivi, zilivuma habari za anioto, watu-chui. Mtu wa anioto alijifunika kichwa na mgongo kwa mbugu iliyopakwa madoa, akashika makucha ya chuma, akamwua mtu namna ambayo lawama ingemwangukia mnyama. Hilo pia ni vazi lililotengenezwa nyumbani kwa malighafi iliyopatikana. Hatulitaji ili kulisifu. Waliouawa walikuwa watu, na jamaa zao waliwazika.

Maafisa wa kikoloni waliliona jambo hilo kuwa ushenzi mtupu usio na sababu. Mwanahistoria Vicky Van Bockhaven, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2018, ameonyesha vingine: mauaji hayo yalikuwa mbinu ya viongozi wa mahali kulinda na kupanua madaraka yao, kwanza katika msukosuko ulioletwa na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar, kisha chini ya utawala wa Kibelgiji, na kwa njia hiyo waliweza kuukwepa uangalizi wa serikali. Ndani ya ngozi ya bandia ilikuwamo siasa.

Ila Ubelgiji haikupelekewa siasa hiyo. Ilipelekewa vazi. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alimfinyanga mtu-chui akimnyemelea mtu aliyelala, na sanamu hiyo ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Vizazi vya watoto wa shule vilipitishwa mbele yake. Mmoja wa walioitumia alikuwa mchora katuni Hergé, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Mtu-chui wake alitokea katika visa vya Tintin vya mwaka 1930 na 1931, na kutoka hapo akasambaa duniani kuliko sanamu yenyewe. Vazi likaondolewa kwa mvaaji, likapewa mvaaji mwingine asiye na jina, wala kijiji, wala sababu. Hata michezo ya kompyuta imerithi desturi hiyo: mwaka 1983 kampuni ya Sega ilitoa mchezo ulioitwa Congo Bongo, ambamo mwindaji mwenye kofia anamkimbiza nyani. Kijana wetu wa Bunia hakuwa ameusikia. Nilipomweleza alicheka, akauliza kama Kongo hiyo ilikuwa na maboksi.

Mwaka 2002 mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa alichora picha aliyoiita Réorganisation: Wakongo wanaivuta sanamu ya mtu-chui kwa kamba kuitoa nje ya makumbusho, huku watu wa upande wa pili wakiivuta irudi. Jumba hilo lilifungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, na lilipofunguliwa upya Desemba 2018 sanamu ilikuwa imewekwa chini, katika chumba cha sanamu zilizoondolewa katika maonyesho ya kudumu. Haikutoka, wala haikubaki ilipokuwa.

Kinshasa, kwa ufupi

Wanaotafuta historia ya boksi lenyewe katika sanaa ya nchi yetu watafika kwa Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa Kimbembele Ihunga mwaka 1948, akahamia Kinshasa mwaka 1970, akafariki mwaka 2015. Hakutengeneza mavazi, alijenga miji: minara, viwanja na hoteli za karatasi, maboksi na mabaki ya vifungashio. Inasimuliwa kwamba alipoipeleka kazi yake ya awali kwa wahusika wa makumbusho ya taifa hawakuamini kwamba ni yake, ikabidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Ndipo wakamwajiri kama fundi wa kukarabati vinyago. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho yake peke yake. Naye pia alikabiliwa na swali lile lile: nani yuko ndani ya kitu hiki?

Karibu zaidi na somo letu ni wasanii wa tamasha la KinAct, lililoanzishwa mwaka 2015 na Eddy Ekete. Hao hujivika takataka za jiji toka utosini hadi miguuni na kutembea barabarani: makopo, nyaya, matairi, wanasesere waliovunjika. Ekete mwenyewe anajulikana kwa vazi lake la makopo ya vinywaji, ambalo hutangulia kusikika kabla halijaonekana. Wapita njia huuliza, hukasirika, hucheka. Na mvaaji hukusudia wafanye hivyo, maana takataka hizo ni zao.

Swali la mama

Neno letu la Kiswahili kwa vitu hivi vyote ni kinyago, ingawa leo, kwa sababu ya soko la watalii, wengi wakilisikia hufikiria mpingo uliochongwa. Kamusi za kale zililieleza kama kitu cha kutisha watu, na nasaba yake na unyago, yaani mafundisho ya vijana wanaobalehe, ni dhahiri. Wahenga wakasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wasomi huitumia methali hiyo kuhusu wanasiasa waliosahau aliyewainua, na matumizi hayo ni halali. Lakini kwa maana yake ya moja kwa moja ina upungufu: inamzungumzia mchongaji na kinyago tu. Mtu wa tatu, yule anayekutana na kinyago njiani bila kuarifiwa, hayumo.

Molimo ilikuwa salama kwa sababu kambi nzima ilijua wakati wake na mipaka yake. Hata wanawake waliokaa vibandani, Turnbull alihisi, walijua zaidi ya walivyopaswa kujua. Anioto walitegemea kinyume chake, kwamba mtu wa tatu asijue. Na vazi la maboksi? Hilo hutegemea barabara linayopita. Huko Tokyo au Nairobi kijana aliyevaa deraya ya bandia hupigwa picha. Bunia ni mji ambao mwezi Mei 2003 ulipiganiwa mtaa kwa mtaa baada ya majeshi ya Uganda kuondoka, mpaka wanajeshi wa Umoja wa Ulaya wa Operesheni Artemis wakaja mwezi Juni na kukaa hadi Septemba, wakiwa na deraya na kofia za chuma ambazo watoto wa wakati huo walizichora kwa makaa ukutani. Ni mji ulio katika mkoa ambao uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa na utawala wa kijeshi kuanzia tarehe 6 Mei 2021. Mama yule alikuwa msichana mwaka 2003. Anajua kwamba mtu mwenye bunduki hana muda wa kuuliza kilichomo ndani ya umbo ni boksi au chuma, na kwamba mwenye umbo hilo huona kwa tundu dogo la kifuani na hawezi kukimbia.

Nilirudi kwa walimu na jibu la nusu. Niliwaambia kwamba kuhusu utamaduni kijana alikuwa na hoja kuliko wao, nikawasimulia habari ya bomba la Epulu. Mmoja wao, mwalimu wa fizikia, alisema bomba ni bomba na Mjapani ni Mjapani, na hakutaka kusikia zaidi. Mkuu wa shule alikubali. Kuhusu swali la mama sikuwa na jibu la kihistoria, na hakuna aliyenitaka nilitoe. Mama na mwanawe walikuwa wamekwisha kulimaliza wenyewe. Vazi lilikatwa viungo. Kifua, kichwa na mikono vilisafirishwa alfajiri juu ya baiskeli, kila kimoja kikiwa kimegeuzwa ndani nje ili maandishi ya sabuni yaonekane, na vilishonwa upya nyuma ya darasa. Bunduki ya roboti, ambayo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote, mama aliitia jikoni akaipikia maharagwe.

Sherehe ilifanyika ndani ya ua wa shule, lango likiwa limefungwa. Roboti alitembea dakika chache, akapunga mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umelegea, na watoto wa darasa la kwanza walimfuata wakimpiga kwa viganja kusikia mlio. Mvua ya alasiri ilianza kabla ya hotuba ya mkuu wa shule. Kijana alibaki barazani hadi giza likaingia, kwa sababu gundi ya muhogo haistahimili maji, akisubiri mama yake aje na turubai.